Kisanduku cha Kungoja

Kazi yangu katika mutualité yetu ilikuwa kubeba habari ya kifo. Sikuiomba. Nilipofiwa na mume wangu, wamama wenzangu waliona kwamba najua kunyamaza, wakasema mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa. Mutualité ni umoja wa familia zetu. Sote tumetoka upande mmoja wa milima, na hapa Bukavu tunasaidiana katika ndoa, ugonjwa na matanga. Ofisi yetu ni chumba kimoja huko Nguba, nyuma ya nyumba ya président wetu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, mimi ndiye niliyepokea simu, na mtu akifa mimi ndiye niliyevaa viatu.

Kwetu mtu hapewi kifo mlangoni. Unafika, unasalimia, unakaa. Unatazama kama amekula. Kama hajala unangoja ale, kwa sababu akishasikia hataweka tena kitu mdomoni, na kulia kunataka nguvu. Anapokula, wengine wanaingia mmoja mmoja, shangazi, jirani, mke wa kaka, kila mmoja na kisingizio chake kidogo. Ndipo unasema kwamba yule ndugu ni mgonjwa. Baadaye unasema hali yake si nzuri. Mwenye msiba anatazama nyuso zilizomzunguka, na neno lenyewe mara nyingi analitamka yeye. Wewe unaitika tu.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha hayo. Baba alipokufa walimngoja mama amalize muhogo wake. Alikuwa akinieleza, "Nilijua tangu waliponipokonya mutoto mugongoni bila kuomba. Nikakula tu. Niliona wananiheshimu."

Kisha akaja mkwe wa président. Ana licence ya informatique, shahada ya mambo ya kompyuta, anafundisha katika chuo kimoja mjini, na ni kijana mwenye adabu. Sina neno baya juu yake, hata leo. Alileta ordinateur, kompyuta ya mezani, akaiweka kwenye meza yetu, karibu na dirisha, akasema kwamba wajumbe wetu wa Kamituga, wa Luvungi na wa kwingine hawatahitaji tena kunipigia simu mimi ili nami nipigie kila mtu. Kifo kitaingia upande mmoja na tangazo litatoka upande wa pili.

Mimi niliishia deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari. Nilidhani ataanza kuandika yale maandishi ya ajabu ninayoyaona kwenye filamu. Akafungua ukurasa mweupe, mtupu.

"Maman, hapa hakuna kuandika code," alisema. "Unakamata kisanduku, unakiweka hapa. Unakamata kingine. Halafu unavuta mushale toka kimoja mpaka ku kingine. Ni kama kushona."

"Kushona sijui," nikamwambia.

"Basi ni kama kupanga foleni ku bomba ya maji. Huyu anampa huyu, huyu anampa ule."

Hilo nililielewa. Nitasema kweli, nililipenda. Kwa miaka nilikuwa nimebeba kazi yangu kichwani na miguuni, na sasa niliiona imelala mbele ya macho yangu, visanduku vya rangi na mishale kati yake. Kisanduku cha kwanza kinapokea ujumbe wa mjumbe: jina la marehemu, mahali alipofia, mahali pa matanga. Cha pili kinatafuta jina hilo kati ya wanachama. Cha tatu kinaandika tangazo, cha nne kinalituma katika simu ya kila mtu. Wakati wa majaribio tulimuua président mara nyingi, na kila mara simu yake mwenyewe ililia mfukoni kumwambia kwamba amekufa. Alicheka mpaka akakohoa. "Mutaniua kweli," alisema.

Tangazo lenyewe kijana alikuwa ameliandika kwa Kifaransa, na masikitiko makubwa makubwa ndani yake. Nikamuuliza wamama wazee watalisoma namna gani. Nilimfikiria mama yangu, ambaye Kifaransa hakikumpita mlangoni, lakini Kiswahili anakisoma vizuri katika kitabu cha misa, polepole, kidole chini ya mstari, na anajivunia sana. Kijana akaniachia nafasi. Maneno yote ya tangazo ni yangu.

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na kisanduku chenye picha ya saa. Nikamuuliza ni cha nini.

"Hiki ni cha kungoja. Message ikifika hapa inasimama, mpaka wakati ule uliusema."

"Kinajua wakati gani mama ya mutu amekwisha kuambiwa?"

Alicheka kidogo, bila kunidharau. "Hapana, maman. Hakijue batu. Kinajua saa tu."

Tukakiweka hivyo hivyo, kabla ya kile cha kutuma, tukakipa nusu siku. Niliona inatosha. Nusu siku mtu anafika hata kule milimani juu, anakaa, anangoja sahani iishe.

Hakikudumu. Mwanachama mmoja, mfanyabiashara, alikutwa sokoni akicheka na wateja saa ambazo wakwe zake walikuwa wameshaanza kulia. Wakwe walimsema. Akaja katika mkutano akasema kwa sauti kubwa kwamba ametukanwa kwa ajili ya ordinateur ya mutualité. Nilisimama nikaeleza sababu ya kisanduku kile. Walinisikiliza. Wengi wao ni watu wa bureau, watu waliosoma, nao walitikisa vichwa kwa upole kama unavyomtikisia kichwa mama anayesifia dawa ya majani.

"Maman, tunakuelewa," président alisema. "Lakini habari ya kifo haifungiwe mu stoo kama maharagi. Utoe ile kitu."

Nilikitoa mimi mwenyewe. Nilibonyeza, kikafutika, na mshale wa nyuma ukajiunga na wa mbele wenyewe, kama vile hapakuwa na kitu katikati.

Ila tulikuwa na courant ya Bukavu. Inakatika asubuhi, inarudi jioni, siku nyingine hairudi. Ordinateur ilikuwa palepale mezani, na umeme ukienda, mashine nayo inalala, na vifo vinabaki ndani yake mpaka taa iwake. Hapo mimi navaa viatu kama zamani. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna mtu mjini kwetu anayekasirikia courant kwa muda mrefu. Nikazoea. Courant ndiyo ikawa kisanduku chetu cha kungoja. Kwa moyo wangu niliishukuru kila ilipokatika, jambo ambalo sijamsikia mtu mwingine akisema.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa peke yangu ofisini nikifagia. Mjumbe wetu wa Kamituga akapiga simu. Ni mtu wa makamo, mtu wa kanisa.

"Maman, habari ya kule?"

"Nzuri. Na ya kwenu?"

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Ikala kwanza, maman."

Nilikaa. Nilikuwa nimewakalisha watu wengi sana; nilijua anachofanya. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiishi Kamituga. Hakuwa mchimbaji. Alikuwa akipeleka sabuni, sukari na taa za kichwa kwa wachimbaji wa dhahabu, kwa pikipiki, moto kama tunavyoiita sisi, kwenye njia ile ambayo mvua ikinyesha inageuka mto wa udongo. Mjumbe alinyamaza, nami nikanyamaza. Alinipa nafasi.

"Ni mudogo wangu," nikasema.

"Ndiyo, maman."

"Ni moto?"

"Ni moto. Ku muteremuko. Hakuteseka."

Alikaa nami katika simu, na nilisikia injini za pikipiki nyuma yake. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kama amefanya vizuri, "Ku machine nimekwisha kutuma, maman, ila internet ya huku inakawia. Président alisema tusikawiye."

Nikatazama ordinateur. Kioo cheusi. Nikatazama taa juu. Nayo ilikuwa imelala. Nikamwambia, "Aksanti, papa. Haina neno." Nilifunga mlango nikaenda kwa mama.

Kutoka Nguba hadi Cimpunda ni kupanda tu. Nilichukua gari mpaka karibu na soko la Kadutu, halafu miguu, kwenye vile vijia kati ya nyumba ambavyo mvua imevila katikati. Njiani nilimpigia mama mdogo, dada yake mama, nikamwambia aje na wamama wengine, lakini wasiingie pamoja. Hakuuliza. Nilisikia tu akivuta pumzi. Nilijifuta uso kwa kitenge mara nyingi. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia yote: mama alipate jambo hili kutoka kinywani mwangu, akiwa amekaa, ameshiba, na watu wake kando yake. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika bila kuweza kumsaidia. Mume wangu vilevile. Hili niliweza kulifanya vizuri. Ndiyo kazi niliyoijua.

Nilimkuta anasonga bugali, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zimeshaiva pembeni.

"Eh, mugeni," alisema bila kugeuka. "Unakuja mikono mitupu kama mukwe mubaya."

"Nilipita tu, mama."

"Munapitaka tu wakati bugali inaiva. Ikala, tukule."

"Kula wewe kwanza. Mimi nimekula ku ofisi."

"Ku ofisi munakula nini? Makaratasi?"

Alijipakulia. Alikaa kwenye kigoda chake, miguu imenyooka, sahani mapajani. Nikakaa kwenye mkeka. Akaanza kula kwa hamu, na kula kwake kulinipa nguvu. Nilihesabu kwamba mama mdogo anakaribia. Mama akaanza kumzungumzia mdogo wangu, kama alivyofanya kila nilipofika.

"Ndugu yako ananiahidia kitenge tangu Pasaka. Wanaume ya Kamituga, ahadi iko ku mudomo, miguu iko ku carré ya dhahabu. Akikuja nitamufungia mulango kwanza, alale inje na moto yake."

Nilisema, "Mufungie tu, mama."

Alicheka. Alichukua sambaza mbili kwa vidole, akazitafuna na vichwa vyake. Ndipo simu yake, iliyokuwa kwenye kiti kando yake, ikalia mlio mfupi.

Mimi sikushtuka. Hilo ndilo ninalolirudia akilini hata sasa. Nilifikiri ni watu wa unité, vocha za simu, wanaotangaza bei zao. Mama alifuta mkono kwenye kitenge, akavaa miwani, akaisogeza simu mbali na macho.

"Ni ya mutualité," alisema. "Nani tena amekufa?"

Nilinyoosha mkono. "Leta, mama, nikusomee."

"Acha. Kusoma najua."

Akaweka kidole chini ya mstari akasoma kwa sauti ile ya kanisani, neno baada ya neno. "Ndugu wapendwa, tunawatangazia kwa huzuni kifo cha mwenzetu." Hapo palikuwa na jina. Alilisoma. Hakusimama. Mama si mtu wa kukata sala katikati. "Kimetokea Kamituga. Matanga iko kwa mama yake, Cimpunda. Usijibu ujumbe huu."

Alipofika mwisho, alirudisha kidole kwenye jina. Kilikaa pale.

"Ni nani aliandika hii?"

"Maneno ni yangu, mama. Lakini iliyotuma ni machine."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu uliingia hapa?"

"Tangu ofisi."

Alitazama sahani yake. Bugali ilikuwa imebaki kidogo, na alama za vidole vyake. Akaisukuma polepole chini, mpaka ikagusa goti langu.

"Na uko unaniangalia nakula," alisema.

Mama mdogo aliingia wakati huo, na wengine nyuma yake, wote pamoja, kwa kuwa simu zao nazo zilikuwa zimelia njiani. Kilio kilianza mlangoni. Mama hakupaza sauti. Walimshika mabega, naye akaendelea kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha ile pikipiki.

Matanga yalijaa. Hilo nalo lazima niliseme. Watu walifika kutoka kila pembe ya mji kabla hatujapata hata viti. Wengine walifika kabla sijamaliza kufunga nywele. Mwili uliletwa kutoka Kamituga juu ya gari la mizigo, kwenye njia ile ile, na mutualité ilisimama imara katika kila kitu. Président alisimama mbele ya watu akatoa pole, kisha akasema kwamba tumeona wenyewe namna umoja wetu unavyotembea siku hizi, hata mtu mmoja hakuachwa nyuma. Watu wakaitika. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria.

Kijana wa informatique alinikuta huko. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Maman, pole sana."

"Aksanti."

"Watu wanasema ulishangaa juu ya message."

"Courant haikukuwa," nilimwambia. "Niliacha machine imelala."

Alitazama chini. "Haiko tena ku ordinateur yetu, maman. Niliihamisha, kumepita mwezi. Iko Ulaya sasa. Kule courant haikatike. Ile ya ofisi ni dirisha tu, ya kuangalia. Nilikuambia."

Huenda aliniambia. Sikumbuki, na mwezi huo hakuna kifo kingine kilichoingia umeme ukiwa umekatika, lakini yeye si mtu wa uongo, na kuna siku nyingi watu wanazungumza nami kuhusu mashine nikaitika ndiyo, ndiyo, kwa sababu nina sufuria motoni. Siwezi kuapa kwamba hakuniambia. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka nikimwangalia mama anakula, mahali fulani Ulaya kulikuwa na chumba chenye taa isiyozimika, na ndani yake maneno yangu yalikuwa yakisafiri kuja kumwambia mama kwamba matanga iko kwake.

Nilirudi kazini. Nilimwomba kijana kitu kimoja: kama mashine haiwezi kujua kwamba familia imeambiwa, basi iniulize mimi. Alifungua ukurasa, akavuta kisanduku kingine, akakiweka pale pale ambapo saa ilikuwa. Sasa kifo kikiingia, simu yangu inauliza: familia imeambiwa? Mpaka nibonyeze ndiyo, hakuna kinachotoka. Alikimaliza kabla chai yake haijapoa. Président hakukataa. Alisema ni wazo zuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba niliwahi kusimama mkutanoni, na mimi sikukumbusha. Kitu rahisi namna ile kilikuwepo siku zote, pembeni mwa ukurasa, kati ya visanduku vingine, na mimi sikujua kukiuliza kwa jina lake.

Kwa hiyo siku hizi wamama wa wengine wanaambiwa vizuri. Naenda, nakaa, nangoja sahani iishe. Wanalia mikononi mwa watu wao. Wengine wananishukuru baadaye. Nashindwa kuwatazama.

Mama yangu hakunilaumu tena kwa mdomo. Lakini nikimpelekea chakula, hakigusi. Anashika sahani na kuuliza, "Nani amekufa?" Namwambia hakuna, mama, ni chakula tu. Ananitazama usoni kwa muda, kisha anawaita majirani, mmoja mmoja, awaulize nao. Chakula kinapoa. Nikimwambia nakwenda, anasema, "Wengine wako wapi? Bado hawajafika?"

Siku moja, baada ya misa, alisikia kwamba mzee mmoja wa milimani amefariki, na tangazo lilikuwa bado halijatoka kwa kuwa binti wa marehemu alikuwa njiani kutoka Luvungi na nilikuwa nikimngoja. Mama alinipigia.

"Simu yangu inanyamaza sababu gani?"

Nilimweleza kisanduku kipya. Nilimweleza kwa urefu, kwamba sasa mashine inangoja mpaka nimekwisha kuwakalisha wenye msiba, na kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake. Alisikiliza.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiyo unajuaka wa kwanza," alisema. "Halafu unatuficha, mupaka unaona tumeshiba."

"Si kuficha, mama. Ni ile uliyonifundisha."

"Mimi nilikufundisha batu, si machine. Walikaa karibu yangu, nikaona macho yao, nikajua." Alikohoa kidogo. "Ku macho yako sikuona kitu. Ulisema nimufungie mulango, na alikuwa amekufa."

Nilihamisha simu kwenye sikio la pili.

"Nataka ile machine iniambie mimi wa kwanza. Mbele yako."

"Mama, ile machine haina heshima."

"Haina," alisema. "Lakini haikunidanganya."

Nilitumaini atabadilika. Aliniuliza tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, kwa sauti ile ile isiyo na hasira. Kwa hiyo asubuhi moja, courant ikiwepo, nilifungua ukurasa. Sikumwita kijana. Nilichukua kisanduku kipya cha kutuma, nikaandika ndani yake namba moja tu, ya mama. Kisha nikavuta mshale kutoka kisanduku cha kwanza kabisa, pale kifo kinapoingia, mpaka kwenye simu yake. Mstari mrefu, unapita pembeni, haugusi kisanduku changu mahali popote.

Nilibonyeza kuhifadhi. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.